Rangi ya Reflekta

Mvua ya kwanza ya Novemba 2008 ilinyesha Mikindani, Mtwara, usiku kucha, na saa 10 alfajiri mjomba akagonga dirisha langu. “Mjomba, amka. Maji yameshafika kwenye mikoko.” Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, naye hakuwahi kuniita vinginevyo. Nilikuwa na miaka 17. Usingizi haukunipata usiku ule. Kopo langu la Blue Band lilikuwa kando ya mto wa kulalia, na ndani yake vyambo vitano nilivyovifunga kwa mikono yangu, kila kimoja rangi yake.

Mwezi mmoja kabla, mgeni Mmarekani aliyefikia kwenye Boma la zamani la Wajerumani alikaa nasi pwani jioni mbili akitazama tunavyopara samaki. Siku ya kuondoka akanipa ndoano moja iliyovishwa nywele. Haikuzidi urefu wa kidole cha shahada. Nywele nyeupe chini, za kijani-njano juu, nyuzi chache za kumeremeta katikati, na karibu na tundu la ndoano vijicho viwili vya risasi. Vijicho hivyo ndivyo vilivyoniteka. Vimefungwa upande wa mgongo wa ndoano, kwa hiyo chambo kikizama hupinduka, ncha ikatazama juu, na ukikiburuta juu ya matumbawe hakinasi ovyo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mtindo ule ulibuniwa na Bob Clouser, huko Pennsylvania, katika miaka ya 1980, kwa ajili ya besi wa Mto Susquehanna, samaki wa maji baridi asiyejua bahari yetu wala chumvi yake.

Nilikiiga. Nywele nilipata kwa mchinjaji, mkia wa mbuzi mweupe. Vijicho nilivifua kutoka kwenye chubwi kuukuu, ile risasi ya kuzamishia mshipi. Kijani-njano nilikichambua kwenye kipande cha kamba ya plastiki, rangi ileile ya fulana za reflekta wanazovaa mafundi wa barabara. Nikafunga hicho, na cheupe tupu, na cheusi, na cha bluu, na chekundu. Chekundu ndicho nilichokipenda. Nilikirudia mara tatu mpaka kikakaa sawa.

Mjomba alikuwa mtu wa rangi moja. Tangu nipate akili nilimwona akiburuta unyoya wa jogoo mweupe na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, basi. Lakini hakudharau kazi ya mkono. Miaka ile milipuko ya baruti ya kuulia samaki ilikuwa ikisikika pwani yetu, na kila aliposikia mmoja aliacha kasia, akanyamaza mpaka mwangwi uishe. Mtu aliyekaa akafikiri samaki anataka nini, huyo alikuwa na heshima mbele yake.

Tulitoka bado giza. Bamvua lilikuwa limejaa, maji yameanza kurudi, na mkondo ulitusukuma wenyewe kuelekea mlango wa ghuba. Nikafungua kopo, nikamnyooshea chekundu. Akakirudisha, akapapasa, akatoa cheusi.

“Samaki yuko chini, anatazama juu,” akasema. “Mbingu ndiyo karatasi yake. Sasa wewe kwenye karatasi unaandika kwa wino gani?”

Cheusi kikaenda. Kabla jua halijachomoza, mshipi ulinikata kidole na kolekole akaingia mtumbwini, wa kama kilo mbili, akipiga mbavu za chombo kama ngoma. Nilitetemeka mpaka magoti.

Jua lilipopanda, ukimya. Tulikuwa tumeshavuka tope na kufika kwenye maji meupe, ya kuona chini. Nikaomba tena chekundu. Safari hii mjomba alikifunga, lakini hakukiburuta. Alikishusha wima ubavuni mwa mtumbwi, akihesabu pima, akaniambia niiname nitazame. Pima ya kwanza kilikuwa chekundu. Pima ya pili kimefifia, rangi ya tofali. Ya nne nilikiona kama kipande cha mkaa, wekundu wote umekwisha. Kile nilichokirudia mara tatu! Maji hufyonza nyekundu kabla ya rangi nyingine, na bluu ndiyo inayofika mbali zaidi katika maji safi. Hilo nililijua darasani baadaye, lakini nililiona pale kwanza, uso wangu ukiwa shibiri moja kutoka majini.

Kisha akampasua yule kolekole. Sikuwa nimewahi kumwona akipasua samaki wa kuuza kabla ya kufika pwani. Alikata utumbo wa chakula kwa ncha ya kisu, akaumimina kwenye bapa la kasia. Vidagaa kumi na kimoja. Vingine vilikuwa vimeshakuwa uji, lakini viwili vilikuwa vizima, vyenye ngozi ing'aayo: ubavu wa fedha, tumbo jeupe, na mgongoni mstari mwembamba wa kijani. Akavilaza kando ya vyambo vyangu. Vyambo vyangu vilikuwa virefu mara mbili.

Hakusema neno. Alinipa wembe.

Nilipunguza nywele za kile cha reflekta mpaka kikalingana na kidagaa, na nyuzi nyingine nikazing'oa kabisa, kwa kuwa kidagaa ni chembamba na changu kilikuwa kimenenepa. Tukarudi nyuma mpaka pale maji ya ghuba, mekundu ya udongo wa mvua, yalipokutana na bahari safi. Mpaka ule ulionekana wazi kama upindo wa kanga. Katika maji yaliyochafuka bluu hupotea upesi. Kijani na njano ndizo zinazoonekana. Tukapita ukingoni mwa tope, kasia taratibu, nikivuta na kulegeza, kuvuta na kulegeza.

Wa kwanza alikamata wakati wa kulegeza. Kolekole wanne kabla ya saa 3 asubuhi. Wa tano hakuwa kolekole. Mshipi ulikwenda kwa kasi, ukalegea, nikavuta ncha tupu iliyokatwa safi kama kwa mkasi. “Mzia,” mjomba akasema. Meno yale yalihitaji waya nami sikuwa nao. Machozi yalinilenga, chambo kile kilikuwa kimoja tu.

Nyumbani mjomba aliuza wanne, mmoja akabaki kwa shangazi. Hatukuzungumza habari ya rangi.

Siku ya tatu nikamkuta kibarazani, amekaa mkekani, ndoano imebanwa kwa vidole vya mguu, wembe mkononi, na ile kamba yangu ya plastiki imechambuliwa mbele yake.

“Mjomba,” akaniuliza bila kuinua macho, “hizi nywele za mbuzi unazikata urefu gani?”

Nikamwonyesha kidole changu cha mwisho.