"Si Lazima" Inapogeuka Kuwa Katazo

Nilimwomba monita wa kidato cha kwanza awatangazie wenzake kwa Kiingereza kwamba si lazima kuhudhuria masomo ya ziada ya Jumamosi. Aliandika ubaoni: "You must not come on Saturday." Mwalimu wa zamu alipopita aliniuliza ni nani aliyewapiga wanafunzi marufuku.

Monita alikuwa ametafsiri kwa uaminifu mkubwa, kwa kuwa alikwishafundishwa, na mimi mwenyewe, kwamba "must" ni lazima na "not" ni si. Shida ni kwamba katika Kiswahili kikanushi kinachotangulia neno "lazima" huuondoa ulazima wenyewe, ilhali Kiingereza huuacha ulazima mahali pake na kukanusha tendo linalofuata. Kwa hiyo "must not come" ni lazima usije, na "si lazima uje" huwa "don't have to come".

Nilidhani neno "hutakiwi" lingenisaidia kueleza tofauti hiyo, kumbe linaivuruga zaidi. Tunasema "hutakiwi kuingia na viatu" tukiwa tunakataza, kisha tunasema "hutakiwi kulipa chochote" tukiwa tunampa mtu nafuu, na hakuna anayetatizika, kwani muktadha hutufafanulia. Sasa nimeliacha, na badala yake nauliza swali moja kwa kila sentensi: akitenda jambo hili, atakuwa amevunja sheria? Ikiwa ndiyo, tunaandika "must not". Ikiwa yuko huru kutenda au kuacha, tunaandika "don't have to".

Kuhusu tofauti ya "must" na "have to" katika sentensi yakinishi, yaani kama wajibu unatoka kwa msemaji au kwa kanuni ya nje, situmii muda mwingi, maana Waingereza wenyewe huzichanganya kila siku. Linalonishughulisha zaidi ni wakati uliopita. "Must" haina umbo lake la wakati huo kwa maana ya wajibu, na wanafunzi, ambao wamezoea kuongeza "-ed" kila mahali, huandika "I musted go" bila wasiwasi. Hapo "ilinibidi" inafaa sana: nikiwaambia wasimulie asubuhi ambayo, kwa sababu ya mvua, iliwabidi watembee hadi shuleni, "had to" huwatoka wenyewe, ingawa bado wapo wanaoandika "I must to walk", na kosa hilo nadhani limetokana na "napaswa kutembea".