Manifoldi ya WRX: wiki tatu nikipigana na kivuli

Limekubali! Naandika usiku huu huu, mikono bado myeusi, kwa sababu nikilala nitaamka nimeshasamehe, na sitaki kusamehe mapema.

Gari mnalijua: Subaru Impreza WRX ya 2004, injini EJ205, turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa injini) ile ile TD04 lililotoka nayo Japan. Kazi ilikuwa kuondoa manifoldi ya kiwandani, yaani mabomba yanayokusanya moshi wa injini, ambayo mabomba yake hayalingani urefu, na kufunga ya chuma cha pua yenye mabomba sawa, pamoja na bomba jipya la kupanda kwenye turbo, kisha kutuni upya, yaani kupanga upya namba za kompyuta ya gari. Kufungua sielezi. Stadi moja, ile bolti ya kushikia manifoldi, ilitoka na nyuzi za hedi (kichwa cha injini), nikaweka helikoili, uzi mpya wa chuma. Chumvi ya Mombasa haibakishi kitu. Ila hili nalisema: anayeingiza soketi ya pembe kumi na mbili kwenye nati iliyoliwa na kutu anajitafutia balaa. Pembe sita, mafuta ya kulainisha yalale usiku kucha, na uwe na subira.

Likawaka mara ya kwanza. Mngurumo wa Subaru ukawa umeondoka, na hilo nililitarajia, maana ule mdundo wote ni moshi wa silinda za kushoto kuzunguka njia ndefu kuliko wa kulia. Ukisawazisha njia, mdundo umeuuza. Jirani yangu alitoka barazani akauliza kama nimeweka injini ya Toyota. Nikacheka kwa shingo upande.

Nikachomeka kipakatalishi. Marekebisho ya mafuta: asilimia 14 juu likiwa limesimama linanguruma, 8 kwenye mwendo wa pole, 2 barabarani, na hakuna kitu likibanwa, yaani likikanyagwa mafuta hadi mwisho. Kompyuta inadai moshi una hewa nyingi, kwa hiyo inaongeza mafuta. Nikaiamini. Nikajiambia sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia injini, inasoma vibaya, nikaanza kuichezea skeli yake kwenye RomRaider, programu ya kutuni. Ndipo wiki tatu zilipopotelea. Nikirekebisha chini, juu kunaharibika. Nikirekebisha juu, chini kunacheka. Plagi zikatoka nyeusi kama zimechovywa lami. Usiku mmoja nilipakia tuni mara kumi na moja, na mara ya kumi na mbili kebo yangu feki ikakata mawasiliano katikati ya kuandika. Kompyuta iliamka baada ya kujaribu tena mara nne, na katika muda huo niliahidi mambo mengi ya kheri ambayo sasa yananidai. Nunueni kebo halisi. Bei yake inauma mara moja tu.

Halafu turbo nayo ilikuwa mvivu. Nilitegemea manifoldi mpya iiamshe mapema, lakini busti, yaani shinikizo la hewa ya turbo, ilijaa kwenye mizunguko 3,600, nyuma zaidi ya ile ya kiwandani. Hapo ndipo ningelipaswa kusimama. Skeli ya sensa ya hewa haiwezi kuchelewesha turbo namna hiyo. Nilikuwa na dalili mbili mkononi, nami nazitibu kama magonjwa mawili.

Nikapitisha moshi wa kutafutia uvujaji upande wa kuingiza hewa, hakuna hata uzi uliotoka. Nikakaa chini na soda, nikatazama sensa ya mbele ya oksijeni, ile inayonusa moshi, inakaa wapi. Kwenye gari langu iko kwenye manifoldi yenyewe, kabla ya turbo. Sasa fikirieni: injini ikiwa inanguruma polepole, moshi hauji mfululizo, unakuja kwa pumzi. Baina ya pumzi na pumzi, kama kuna tobo, hewa ya nje inanyonywa ndani. Sensa inanusa hewa hiyo na kupiga kelele kwamba mafuta hayatoshi. Ukilibana gari, mambo yanageuka: moshi ndio unaotoroka nje, na turbo inakosa chakula chake. Tobo moja, dalili mbili.

Nikaazima mashine ya kufyonza vumbi kwa mke wangu (hakuambiwa ya nini), nikaigeuza ipulize, nikaifunga kwa matambara kwenye mdomo wa silensa, kisha nikanyunyiza maji ya sabuni ya unga kwenye kila kiungo. Kwenye hedi, kimya. Kwenye kiungo cha manifoldi na bomba la kupanda, povu likafura taratibu, jeupe, likawa saizi ya kitumbua. Nilipofungua nikakuta mstari wa masizi umepita juu ya gasketi, mwembamba kama wanja, kutoka tundu la katikati hadi ukingoni.

Nikalaza flenji, uso wa manifoldi unaofungwa kwenye bomba, juu ya kioo cha dirisha. Wembe wa geji ya kupimia mwanya, wa milimita 0.35, ulipita chini yake bila kugusa kitu: imejikunja. Manifoldi mpya, bei ya mpya, na nimeifunga bila kuipima. Muuzaji nilishamwandikia, hajajibu.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayesawazisha hedi. Akaipitisha kidole tu.

"Mwanangu, ungeileta kabla hujaifunga."

"Ndiyo, Ami."

"Chuma kikichomelewa bila kubanwa kwenye meza hujikunja kama jani la mgomba."

Sikuwa na la kujibu. Dakika arobaini baadaye ikawa bapa. Gasketi mpya ya tabaka za chuma, spana ya toki, nikaikaza kwa hatua tatu, nikairudia baada ya injini kupata joto na kupoa. Nikarudisha skeli ya zamani ya sensa ya hewa, ile niliyoitukana wiki tatu. Marekebisho: 1, 2, 0. Nilipiga kelele, paka akakimbia.

Nikaenda kupima kwenye mpando wa Mazeras, asubuhi na mapema kabla malori hayajajaa. Gia ya nne, nikalibana. Busti ikaruka hadi bar 1.25 wakati lengo langu ni 0.95, injini ikagonga, kompyuta ikarudisha cheche nyuma nyuzi 4, IAM (namba ya imani ya kompyuta kwa cheche, 16 ndiyo juu kabisa) ikaporomoka kutoka 16 hadi 12. Nikaachia haraka. Kumbe vali ya kupunguza busti niliituni juu ya tobo! Nilikuwa nimeiambia ijikaze ili kufidia moshi unaopotea, na sasa moshi haupotei.

Nikashusha namba za vali hatua kwa hatua, safari tisa za mlima. Nikapunguza nyuzi 2 za cheche kwenye mizunguko kama 4,000, maana gari hili lilizaliwa kwa petroli ya Japan ya RON 100, ambayo pampu zetu hazina. Sasa busti inajaa kwenye 2,900, uwiano wa hewa na mafuta unakaa 11.0, IAM imerudi 16 na haitikisiki. Ukilikanyaga pale 3,000 linakuvuta kwa kola.

Mpango wa Jumamosi ulikuwa bomba la kushuka, lile la kutoa moshi kwenye turbo, na utepe wa kukinga joto. Lakini kwenye data nimeona hewa inaingia ikiwa nyuzi 58 foleni ikisimama pale Changamwe, na jana kwenye kiwanja cha magari mabovu nikakuta tangi la maji la kunyunyizia intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo), lile la STI za Japan, na pampu yake bado inazunguka. Bomba la kushuka limeegemea ukuta wa jikoni. Tangi liko kwenye ndoo ya sabuni, linalowekwa tangu magharibi.