Udi wa kupiga

Jumamosi, usiku.

Mwezi wa kwanza nilikaa mezani na kalamu nyekundu, mbele yangu taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima. Nilikuwa natafuta ada ya mtoto ilikopotelea. Nikakuta michango: harusi tisa, sendofu tatu, kicheni pati mbili. Jumla shilingi 1,240,000. Katika shughuli zote hizo nilihudhuria nne. Nikajaribu kuwakumbuka maharusi kwa majina, nikaishia sita.

Wengi walikuwa mdogo wa fulani wa ofisini, au mtoto wa jirani wa zamani. Naingizwa kwenye kundi la WhatsApp, kila asubuhi orodha ya ahadi inapandishwa, jina langu halina kitu mbele yake. Naona aibu, natuma. Kuliandika hili kunaniuma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na miaka yote hiyo najiambia sina uwezo wa kununua udi.

Udi wa kupiga, si wa kufukiza. Marehemu baba alikuwa akienda Mombasa kwa shughuli zake, na kila akirudi Tanga alikuwa na kanda ya Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, mfukoni. Jioni redio inawekwa dirishani, sisi tuko uani tunamenya mihogo, na yule mzaliwa wa Lamu anaanza kuzidonoa nyuzi kabla hajatia sauti. Mimi nilipapenda pale mwanzo, kabla ya maneno. Mihogo ilikuwa inanikalia mkononi.

Mwezi wa tatu nilivuka kwenda Unguja, nikanunua udi uliokwishatumika kwa shilingi 550,000. Nilirudi na boti nimeupakata njia nzima, sikukubali uwekwe na mizigo. Mgongo wake umevimba kama embe, umeungwa kwa vipande vyembamba vya mbao, kimoja cheusi kimoja chekundu. Nyuzi 11: jozi tano, na mmoja mnene ulio peke yake. Shingo haina vigawanyo kama vya gitaa, kwa hiyo kidole kikiteleza kidogo tu, sauti inapinda.

Nasoma kila Jumamosi kwa mzee mmoja Magomeni, shilingi 20,000 kwa saa. Wiki tatu za kwanza hakunipa wimbo. Alinipa ule uzi mnene na risha ya kudonolea, niupige kwenda chini na kurudi juu hadi mkono ulegee. Nilikuwa naukaba udi kwa woga wa kuuangusha.

"Usiukabe, mwanangu," akaniambia. "Upakate kama mtoto aliyelala."

Nikashusha mabega. Uzi ukalia, nikausikia mpaka kifuani. Sijawahi kutoa 20,000 ikanirudia namna ile.

Rambirambi za misiba sijazigusa, na sitazigusa. Na mpwa wangu alipoolewa mwezi wa nane nilimpa 300,000, nikakaa jikoni na wenzangu hadi saa nane usiku tukichambua mchele. Ile ilikuwa harusi yangu pia. Kwingine naandika mapema: nawaombea heri, mchango sitaweza. Dada mmoja wa kazini alinipita wiki mbili bila salamu. Iliniuma, maana nampenda. Nilimfuata mwenyewe nikamweleza, akanisikiliza, ingawa sidhani kama alinielewa.

Leo jioni nilimpigia mama Tanga. Nikaiweka simu kwenye mto, nikapiga kipande kile cha mwanzo nilichokishika mwezi huu, cha kwenye kanda ya baba. Nilipomaliza, kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Mama?"

"Nipo. Si ule wa baba yako huo? Mbona unakwenda polepole?"

"Bado najifunza, mama."

"Haya," akasema. "Rudia."