Maktaba inapotafuta filamu ya zamani kutoka nje

Msomaji anaomba filamu ya Misri au ya Ufaransa ya miaka ya 60, na mkutubi wa maktaba ya Marekani anaikuta YouTube ndani ya dakika mbili. Hiyo haimsaidii. Mara nyingi aliyeipandisha hana haki nayo, na maktaba haiwezi kuichukua. Wengi hudhani filamu ikishazeeka ni ya kila mtu. Kumbe tarehe 1 Januari 1996 Marekani ilirudisha hakimiliki ya kazi nyingi za kigeni zilizokuwa hazilindwi tena, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaibariki sheria hiyo katika kesi ya Golan dhidi ya Holder. Ulinzi ni miaka 95: filamu iliyotoka 1960 itakuwa huru 2056.

Njia salama kuliko zote bado ni kununua diski halali. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Kirtsaeng, mwaka 2013, nakala iliyotengenezwa kihalali nje ya Marekani inaweza kununuliwa na kuazimwa huko bila kumwomba mtu ruhusa, hata ikiwa ya mtumba. Matatizo huanza kwenye mashine: diski nyingi hufungwa kwa eneo la dunia, na deki ya kawaida husoma za eneo lake tu. DVD za Marekani ni eneo 1, za Ulaya Magharibi na Japani eneo 2, za Afrika Mashariki eneo 5. Blu-ray hutumia herufi: Marekani A, Ulaya na Afrika B. Kuna deki zinazosoma maeneo yote, lakini wanunuzi husahau jambo la pili: DVD ya Ulaya kwa kawaida ni PAL, yaani mfumo wa picha wa televisheni za huko, na deki isipoigeuza kuwa NTSC, mfumo wa Marekani, picha kwenye televisheni ya Marekani itakuwa inapanda na kushuka, au isionekane kabisa. Tena filamu ya dakika 100 kwenye DVD ya PAL hucheza dakika 96 hivi, kwa sababu filamu ya fremu (picha) 24 kwa sekunde inaendeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde. Usiirudishe ukidhani imekatwa.

Soma nyuma ya kasha kabla ya kulipa. Diski ya Italia inaweza kuwa na picha safi sana lakini bila manukuu (maandishi ya mazungumzo chini ya picha) ya lugha yoyote. Ikifika, igeuze. Diski ya kiwandani ina mgongo wa rangi ya fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta huwa na mgongo wa zambarau au kijani. Rangi peke yake haitoshi kumhukumu muuzaji, kwani zipo kampuni halali zinazochoma diski kwa oda. Ila zambarau pamoja na kasha lisilo na jina la msambazaji ni sababu ya kuirudisha.

Kanda ya VHS iliyomo kabatini ina njia yake. Kifungu cha 108 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinaruhusu hadi nakala 3 za kanda iliyoharibika, inayoharibika au iliyopotea, baada ya maktaba kutafuta kwa bidii na kukosa nakala mpya kwa bei ya haki. Mpya, maana yake isiyotumika; ya mtumba haihesabiki. Nakala ya kidijitali haitoki nje ya jengo la maktaba. Anza na kanda zilizo mbaya zaidi: utepe wenye unga mweupe wa ukungu usiingizwe kwenye deki kabla ya kusafishwa, maana utachafua vichwa vya deki vinavyosoma kanda na kuambukiza kanda zinazofuata.

Kuionyesha filamu hadharani kunahitaji leseni nyingine, na hapa ndipo penye uchungu. Mtayarishaji amefariki, kampuni imefungwa, haki za nchi moja ziliuzwa kando na za nyingine, na leseni ya muziki ilikwisha miaka mingi iliyopita. Ukimwandikia anayejitaja kuwa mwenye haki, uliza mambo manne: nchi gani, miaka mingapi, onyesho la ukumbini au mtandaoni, na je, muziki umo? Dai mkataba unaomwonyesha yeye kuwa mwenye haki.

Mwenye haki akikosekana, barua zisizojibiwa hazigeuki ruhusa Marekani. Huko hakuna sheria ya kazi zisizo na mwenyewe, yaani ambazo mwenye haki hajulikani au hapatikani. Umoja wa Ulaya uliiweka mwaka 2012, kwa Agizo la 28: maktaba ya huko ikitafuta kwa bidii na kuandikisha matokeo, inaweza kuiweka filamu ya Ulaya mtandaoni, na mwenyewe akijitokeza baadaye hulipwa fidia.