Hatua 11 Hadi Mlangoni

Kutoka kitandani kwangu hadi mlango wa chumba, kule nyumbani Wete, ni hatua 11. Nilizihesabu kila alfajiri kwa miezi mitatu. Kano ya kisigino cha kulia ilikuwa imevimba, ukiibinya unahisi kidonge, na nikiamka kwa ajili ya sala mguu umekakamaa kama kamba iliyoachwa juani. Hatua ya kwanza nashika ukuta. Ikifika ya nane ndipo kano inalainika, nauachia ukuta. Siku mbaya natoka mlangoni bado nachechemea.

Kosa lilikuwa langu. Tulikubaliana watu watano, wote tumekulia Wete, kwamba msimu wa karafuu ukifika tutafanya triathloni ya nusu masafa: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, mbio 21.1, zote kwa mfululizo. Hatukuwa na mdhamini wala medali. Basi mimi kwa pupa nikapandisha mbio zangu kutoka kilomita 20 kwa wiki hadi 45 ndani ya wiki tatu, tena kwenye vilima vyetu vya Pemba, ambako hujamaliza kushuka ushaanza kupanda. Pumzi iliwahi kuzoea. Kano haikuwahi.

Bwana wa fiziotherapia aliyenitazama Chake Chake hakunikataza kushindana. Alinipa zoezi la ngazi: nisimame ukingoni kwa vidole, nishushe kisigino polepole, mara 15, raundi tatu, goti limenyooka, kisha nirudie vivyo hivyo goti limekunjwa. Asubuhi na jioni. Kwa siku inafika mara 180, na nilizifanya zote, hata siku za mitihani ya skuli. Akanifundisha kuyapima maumivu kwa 10: yakiwa chini ya 5, niendelee.

"Lakini ukianza kuchechemea, Maalim, basi, simama hapo hapo," aliniambia. "Ukichechemea ujue mwili ushaukimbia mguu, na utaumia kwengine. Na asubuhi yake ndiyo itakayokwambia kama ulifanya sawa."

Nikamuahidi.

Tuliingia baharini Vumawimbi saa kumi na mbili na robo asubuhi. Tuliichagua wiki ya maji mafu, bahari inapojaa na kutoka kidogo, kwa makusudi, maana wakati wa bamvua, inapojaa na kutoka sana, mkondo ungetuchukua. Kusi lilikuwa limepungua, bahari imetulia, na mvuvi mmoja alitufuata kwa mtumbwi wake. Sikupiga teke hata moja. Miguu niliiacha ielee nyuma, kazi yote nikaipa mikono. Chini yangu mchanga mweupe, kisha majani, kisha mchanga tena. Kwa dakika 48 sikuwa mgonjwa. Natamani ningeweza kumweleza mtu ladha ya dakika zile, baada ya miezi mitatu ya kuuwaza mguu kila ninapoinuka kitini. Nilipokanyaga ufuo niligeuka nikaitazama bahari kama mtu anayeaga.

Baiskeli ilinifundisha unyenyekevu. Siti nilikuwa nimeishusha kidogo, na nilikanyaga pedeli kwa katikati ya unyayo badala ya vidole, ili kisigino kisivutwe. Kutoka Konde kwenda Chake kila kilima wenzangu walisimama juu ya pedeli wakapotea. Mimi nikabaki nimekaa, gia nyepesi, naona migongo yao inakuwa midogo. Iliniuma. Njiani karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu yake inakufuata hadi ndani ya koo. Nilikunywa madafu niliyoyatia chumvi, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi lakini chumvi yake haitoshi kwa mtu anayetoka jasho saa nzima baada ya saa nzima. Tulipogeuza, mbele kidogo ya Chake, shemeji yangu alininyooshea ibuprofen, vidonge vya maumivu. Nikavirudisha. Juani, ukiwa umepungukiwa na maji, vinaweza kuziumiza figo. Isitoshe, nilitaka mguu useme.

Mbio zilianzia Konde, jua limeshapanda. Ndani ya viatu niliweka vipande nilivyovikata kwenye ndara kuukuu, vya kuinua visigino. Nilikimbia dakika nne, nikatembea moja. Ndani ya msitu wa Ngezi kulikuwa na kivuli na udongo laini, na maumivu yalikaa kwenye 3. Nikaanza kupiga hesabu za kumaliza. Kilomita ya 13 yalifika 4. Nikasema bado.

Kilomita ya 14 nilikuwa nimetoka msituni narudi Konde, na kuchechemea nikakusikia kabla sijakuhisi. Mlio wa viatu ulikuwa umebadilika. Mguu wa kushoto unapiga kwa kishindo, wa kulia unagusa tu na kuondoka. Nilijidanganya kama mita 200 hivi kwamba ni barabara iliyoinama. Nikahamia upande wa pili. Mlio ukawa ule ule.

Bibi mmoja alikuwa amekaa barazani kwake na lundo la karafuu mbichi.

"Unakimbilia nini, mwanangu?"

"Mashindano, bibi."

"Kwa mguu huo? Njoo ukae kitako."

Nikakaa. Machozi yalinitoka na sikuyazuia. Bibi hakuniuliza. Alinipa maji kwa kata, akarudi kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Baada ya muda nikaona mikono yangu nayo inachambua. Shemeji alipotokea msituni alipunguza mwendo, akanitazama, nikamwashiria aende. Aliponipita nikawakumbuka wale wa kwanza kabisa wa triathloni ya masafa kamili, kule Hawaii mwaka 1978. Walianza watu 15 wakamaliza 12. Nilikuwa nimesoma habari za mshindi mara nyingi. Siku ile, barazani, niliwawaza wale watatu, walikaa wapi, nani aliwapa maji.

Wenzangu wanne walimaliza wote. Walikuja kunichukua kwa gari ya jirani, na bibi akakataa kuniachia mpaka nimalize uji wake.

Usiku nililala usingizi mzito. Alfajiri adhana iliponiamsha nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda kwa muda mrefu kuliko kawaida, miguu imening'inia, naogopa kuishusha. Kisha nikashuka. Hatua ya kwanza nikashika ukuta. Ya pili, ya tatu. Vidole vyangu bado vilinuka karafuu. Ya nane nikauachia.