Siku moja maishani mwangu: Jumapili iliyokuja mara mbili

Saa 1:40 asubuhi

Wiki hii zamu ya dharura ni yangu, kwa hiyo simu nimelala nayo karibu, sauti juu. Imelia mara tatu ndani ya dakika nne. Si seva iliyoanguka. Seva zote ziko salama, kumbukumbu zake hazina kosa hata moja, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mfumo ukianguka unajua pa kuanzia, lakini ukiendelea kufanya kazi huku ukitoa majibu ya uongo, lazima utafute hadi uchoke.

Programu tunayoitunza inawakumbusha watu mambo yao. Kila siku inapoanza kwa mtumiaji, mfumo unahesabu kesho ni tarehe ngapi, unachukua ratiba ya tarehe hiyo na kuiweka kwenye foleni. Leo Jumatatu watu wanaandika kwamba hawakupata kitu chochote cha leo, na badala yake jana waliletewa mambo ya Jumapili mara ya pili. Mmoja wao anaitumia kumkumbusha mama yake dawa. Ujumbe wake nimeusoma mara mbili, kisha nikaamka.

Saa 2:15 asubuhi

Kijana tuliyemwajiri miezi michache iliyopita ameshaandika kwenye kikundi chetu: “Kaka, vikumbusho havifanyi kazi.”

Maneno hayo nimeyapokea mara nyingi sana katika kazi hii, na miaka ya nyuma nilikuwa nikiyajibu kwa ukali. Nimeacha. Mtu anayeandika “haifanyi kazi” mara nyingi ameshahangaika saa nzima peke yake na ameona aibu kusema amekwama wapi. Nikamwuliza mambo matatu ninayomwuliza kila mtu, na ninayojiuliza mwenyewe: ulitarajia nini, umeona nini badala yake, na nifanye hatua zipi hapa kwangu ili nami nikione?

Alinyamaza dakika 20. Aliporudi alikuwa na kitu cha thamani kuliko vyote tulivyopata leo. Alikuwa amepanga malalamiko yote kwa ukanda wa saa wa kila mtumiaji, na yote yalitoka Ulaya.

Ndipo nikakumbuka jana ilikuwa Jumapili gani. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa saba usiku kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Kwao siku ile ina saa 25. Wengi wetu kwenye timu tunaishi sehemu ambazo mishale haiguswi mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiwaza tarehe hiyo.

Saa 3:00 asubuhi

Kikao cha asubuhi. Msimamizi wetu aliuliza swali ambalo kila mtengeneza programu analijua: itachukua muda gani?

Zamani ningetaja muda wowote ili swali liondoke, kisha muda ule ungegeuka ahadi. Leo nimemjibu, “Dada, chanzo bado sijakiona, kwa hiyo muda wowote nitakaokutajia nitakuwa nimeutunga. Ila tarehe ya mwisho ninaijua. Marekani wanarudisha saa Jumapili ya kwanza ya Novemba, yaani Jumapili hii inayokuja. Tusipopona kabla ya hapo, wao ndio watakaofuata.” Aliandika tarehe ile ubaoni, akafuta kwenye ratiba kazi mbili nilizopangiwa, akasema tuonane saa sita. Msimamizi wa namna hiyo ni bahati.

Saa 3:40 asubuhi

Kabla ya kutengeneza chochote, ninataka kuuona ubovu kwa macho yangu. Nimeiambia kompyuta kwamba leo ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kwamba tuko Berlin, nikaendesha sehemu inayohesabu kesho. Jibu: kesho ni Jumapili.

Oktoba ya mwaka jana hapakuwa na lalamiko hata moja. Maana yake msimbo wa wakati ule (maandishi ya programu yenyewe) ulikuwa mzima na kuna mkono ulioubadilisha katikati. Kati ya hapo na leo kuna mabadiliko zaidi ya 1,300, na kuyasoma moja moja ni wiki nzima. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ina amri ya `bisect` ambayo ninaipenda kwa dhati. Unaionyesha badiliko moja zima na moja bovu, nayo inakupeleka katikati, unajaribu, unasema nzima au bovu, inakata nusu, inakupeleka katikati ya nusu iliyobaki. Mabadiliko 1,300 yanaisha kwa hatua 11 hivi. Nimewahi kuona watu hodari wakitumia siku tatu kukisia kilichoharibika, na amri hii walikuwa nayo kwenye mashine zao muda wote.

Saa 4:25 ilinipa jibu. Badiliko la Februari, mstari mmoja, na jina lililoandikwa juu yake ni langu.

Saa 4:30 asubuhi

Nilikaa nikiutazama mstari ule kwa muda mrefu. Zamani ulikuwa unachukua saa sita usiku ya mtumiaji na kuongeza sekunde 90,000 ili kufika kesho. Siku ina sekunde 86,400. Mtoto anaweza kuzidisha 24 kwa 3,600 akaipata. Februari niliiona ile 90,000, nikaamini kuna aliyekosea hesabu, nikaandika 86,400. Ujumbe niliouambatanisha ulisema: “Kusahihisha idadi ya sekunde.” Wenzangu wawili waliupitia na kuukubali siku ileile, kwa sababu nani atabishia kwamba siku ina sekunde 86,400?

Lakini sekunde 90,000 ni saa 25 kamili. Aliyeiandika alikuwa ameshakutana na Jumapili hii. Ukianza saa sita usiku ukaongeza saa 25, siku ya kawaida unaangukia saa saba usiku ya kesho, tarehe ni sahihi. Siku ya saa 23, saa zinapopelekwa mbele, unaangukia saa nane usiku, tarehe bado ni sahihi. Na siku ndefu ya Oktoba unaangukia saa sita usiku kamili ya Jumatatu. Mimi na 86,400 yangu, siku ile tunaangukia saa tano usiku, na Jumapili bado haijaisha. Machi, saa zilipopelekwa mbele, kosa langu halikuonekana kwa sababu siku ilikuwa fupi na sekunde zilitosha kuivuka. Likalala miezi minane likisubiri.

Nikatafuta ujumbe wa yule aliyeandika 90,000. Aliondoka kazini kabla sijaajiriwa. Maneno yake ni mawili: “Rekebisho dogo.”

Sina hasira naye. Nadhani aliandika usiku akiwa amechoka, simu ikilia kama yangu ilivyolia leo, na alitaka tu watu wapate vikumbusho vyao. Lakini alikuwa anajua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na hakuliacha mahali popote. Msimbo ulieleza kinachofanyika. Kwa nini kinafanyika, aliondoka nalo.

Saa 6:10 mchana

Mjadala wa dawa ya kosa lenyewe. Hapa ndipo tulipotumia sehemu kubwa ya siku, na sioni kama tuliipoteza.

Wazo la kwanza lilikuwa kurudisha 90,000 na kulala. Lingefanya kazi, lakini ni kufunga kidonda kwa kitambaa kilekile. Wazo la pili lilitoka kwa kijana, aliyekuwa ameiuliza akili mnemba na kupata mistari 40 safi, yenye majaribio sita, yote yakipita. Nikamwomba anieleze mstari wa 17. Alijaribu, akasimama, akasema hajui kwa nini upo. Tukausoma pamoja. Ulikuwa unakagua kama tofauti na UTC imebadilika kisha unaongeza saa moja, na majaribio yote sita yalikuwa ya siku za kawaida katikati ya mwezi. Hakuna hata moja lililogusa siku inayotuumiza.

Sikumkataza kutumia kifaa kile. Mimi mwenyewe ninakitumia. Nilimwambia sharti ninalojiwekea: kisiingie kwetu kitu ambacho aliyekileta hawezi kukieleza saa nane usiku mbele ya mtu aliyekosa dawa. Alikubali, na niliona kwamba hakukubali ili kuniridhisha tu.

Wazo la tatu lilikuwa kuongeza maktaba mpya ya tarehe, yaani kifurushi cha msimbo ulioandikwa na watu wengine. Dada wa upande wa majaribio alilipinga kwa nguvu, nami niko naye. Kila kifurushi cha watu wengine ni mlango unaoufungua nyumbani kwako. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake kidogo kiitwacho left-pad, mistari 11, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo. Desemba 2021 ilikuwa zamu ya Log4j, kifurushi cha kuandika kumbukumbu za mfumo: lilionekana tundu kubwa la usalama ndani yake, nacho kilikaa ndani ya mifumo ambayo wenyewe hawakujua wanacho. Machi 2024 mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, kifurushi cha kubana faili, ulionekana kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, hakupuuza kwamba kuingia kwenye mashine kulikuwa kumechelewa kama nusu sekunde. Lugha tunayotumia tayari ina njia ya kuhesabu kwa tarehe badala ya sekunde, na mashine zetu zina hifadhidata ya kanda za saa inayotunzwa chini ya IANA, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti. Tulichokosa ni kuvitumia.

Hifadhidata ile nayo inataka kusasishwa, usiiwekee imani ukaisahau. Machi 2023 serikali ya Lebanon iliahirisha kusogeza saa siku chache tu kabla ya tarehe, kisha ikageuza uamuzi. Saa ni amri ya watu, na watu hubadilisha mawazo.

Saa 8:30 mchana

Mapitio ya kazi za wengine, mawili. Moja nililikubali. La pili lilibadilisha majina ya vigeu 30 (vihifadhi vya thamani kwenye msimbo) pamoja na kurekebisha hitilafu moja, vyote ndani ya badiliko moja. Nikamwomba mwenyewe ayatenganishe. Nilimweleza ya asubuhi, jinsi `bisect` inavyokusaidia pale tu kila badiliko linapobeba jambo moja.

Saa 9:15 alasiri

Mimi na kijana tumekaa kuandika majaribio. Yeye anaandika, mimi ninatafuta siku mbaya. Berlin Oktoba, saa 25. Berlin Machi, saa 23. New York Jumapili inayokuja. Kisha Beirut, ambako saa hupelekwa mbele usiku wa manane wenyewe, kwa hiyo siku ile saa sita usiku haipo kabisa. Inaruka kutoka dakika ya mwisho ya jana hadi saa saba. Kijana alishangaa sana na hiyo. Tena Samoa, iliyovuka mstari wa tarehe ikaruka tarehe 30 Desemba 2011 nzima. Kwa mtu wa Samoa tarehe 29 mwaka ule, kesho ilikuwa 31.

Tuliondoa sekunde zote. Sasa mfumo unachukua tarehe ya mtumiaji na kuuliza kalenda ya ukanda wake ni siku gani inayofuata, bila kupita kwenye saa sita usiku. Majaribio yote yamepita, na lile la Samoa kijana aliliendesha mara tatu.

Saa 11:00 jioni

Tumelipandisha rekebisho kwa sehemu ndogo ya watumiaji kwanza, tukasubiri, kisha kwa wote. Foleni ya leo imejengwa upya kwa walioathirika. Mambo ambayo wakati wake umeshapita hatukuyatuma. Kumletea mtu jioni kikumbusho cha dawa ya asubuhi kunaweza kumfanya anywe mara mbili. Kwa hao tumeandika wazi kwamba kosa ni letu na ni mambo gani waliyakosa. Yule wa mama nilimwandikia mwenyewe.

Saa 12:20 jioni

Kimebaki kitu kimoja, ujumbe wa badiliko. Msimbo wenyewe ni mistari minne. Ujumbe nimeuandika kwa nusu saa:

“Kesho ihesabiwe kwa kalenda, si kwa sekunde. Siku ambayo saa zinarudishwa nyuma ina saa 25, na kuongeza sekunde 86,400 kunatubakiza kwenye tarehe ileile. Watumiaji wa Ulaya walikosa vikumbusho vya Jumatatu. Jaribio la Samoa lisiondolewe hata likionekana la ajabu. Siku hiyo ilikuwapo kweli, yaani haikuwapo.”

Nikampelekea kijana aupitie. Alirudi baada ya dakika kumi na swali moja: “Kaka, mtu akisoma historia ataona palikuwa na 90,000 kabla ya Februari. Ilitoka wapi?”

Swali hilo Februari hakuna aliyeniuliza. Nimefungua ujumbe tena, nikaongeza aya ya mwisho kuhusu aliyetutangulia, alichokuwa amekigundua na jinsi nilivyokifuta bila kujua. Kijana amekubali badiliko saa 12:41.