Kupogoa na kulisha mawaridi Mtwara

Huku Mtwara mawaridi yapogolewe Novemba, mvua zikinukia. Futa mkasi kwa spiriti, toa matawi makavu na yanayosuguana, kisha punguza theluthi moja tu ya urefu. Ukikata hadi chini, jua la pwani huunguza shina lililobaki wazi. Kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho (kivimbe kinapochipukia tawi) linalotazama nje, ili katikati papite hewa na majani yasishikwe na madoa meusi wakati wa masika.

Mbolea isubiri machipukizi. Samadi lita 5 kwa shina, iliyooza kabisa (mbichi huunguza mizizi), sentimita 15 kutoka shinani. Mchanga wetu hauhifadhi chakula, hivyo ongeza NPK (mbolea ya dukani yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) gramu 30 kwa shina kila wiki 6, udongo ukiwa umelowa.